Kugeuza Kila Jiwe

Waingereza wakitaka kumsifu mtu atafutaye kwa bidii, husema kwamba hakuacha jiwe bila kuligeuza. Msemo huu hawakuutunga wao. Asili yake ni kwa Wayunani wa kale. Mwaka 479 kabla ya Kristu, Waajemi walishindwa vitani huko Plataea, na jemadari wao Mardonius akauawa. Ikavuma habari kwamba ameacha hazina karibu na hema yake. Polycrates, mtu wa mji wa Thebes, akaitafuta asiione. Akaenda kuuliza kwa waaguzi wa Delphi, nao wakamjibu: ageuze kila jiwe. Akageuza, akaipata. Ndivyo wasimuliavyo.

Sisi wa Likasi hatuna haja ya kufafanuliwa sana maneno haya. Mji wetu umekua kwa mawe yaliyogeuzwa. Wazee wa zamani waliitambua shaba kwa jiwe la kijani, wakaiyeyusha kabla Mzungu hajafika. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, akagundua urani pale Shinkolobwe, si mbali na hapa. Miaka 30 baadaye, urani ya Shinkolobwe ilitumika katika bomu la Hiroshima.

Basi, twaona kasoro ya msemo wenyewe. Wasifu bidii, lakini hauulizi ni bidii ya nini, wala nani yuko chini ya jiwe. Januari 2004 Serikali iliufunga mgodi wa Shinkolobwe. Julai mwaka uleule shimo likaporomoka, likawaua wachimbaji waliokuwa bado wanatafuta kobalti. Tuwalaumu? Mwenye njaa hugeuza hata jiwe la kumwua, na wanunuzi hawamwulizi amelitoa wapi. Lakini mtoto aoshaye mawe mtoni siku ya masomo, huyo hakuchagua. Sisi wakubwa ndio tuliompa gunia.

Waswahili nao husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii twaipenda zaidi, maana yamtazama mtafutaji kwanza: ndiye anayetakiwa kujisumbua, si mwingine kwa niaba yake. Tumkumbuke yule mama wa Injili, aliyekuwa na vipande kumi vya fedha akapoteza kimoja. Aliwasha taa, akafagia kwa mkono wake mwenyewe mpaka akakiona. Nyumba haikubomolewa, na majirani wakaitwa waje kufurahi pamoja naye.