Kampuni Ikikosa Feza, Deni la Kazi Linaenda Wapi?

Zamani kule vijijini, mutu akiita wenzake kumulimia shamba hakulipa feza. Alipika bukari, akatayarisha pombe, na siku yao ikifika alienda naye na jembe lake. Kama mavuno yake yaliharibika, hakusema deni limekufa. Alienda kwao: «Mwaka huu sina kitu, munivumilie.» Wenye kuamua kama watangoja, walikuwa wale waliolima.

Je, Gécamines ilifanya vile?

Wazee wetu walisema kampuni njo baba, njo mama. Tangu wakati wa Union Minière, kazi haikuwa mushahara tu: ilikuwa nyumba ya kampi, posho ya bunga, hospitali, masomo ya watoto. (Baba mukali pia: Desemba 1941 waliogoma walipigwa risasi Élisabethville.) Halafu shimo la Kamoto likabomoka mwaka 1990, mashini zikachakaa, siasa ikala faida. Shaba iliyopita tani 400.000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, mwaka 2003 haikufika hata 30.000. Mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa.

Mwaka ule wa 2003, kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka katika mpango ulioitwa «Départs Volontaires». Kwa hiari? Mutu ambaye watoto wake wamefukuzwa masomo kwa kukosa feza, hiari yake iko wapi?

Tusidanganyane: kampuni haikuwa na kitu, na kubakisha watu wote kungezamisha mutumbwi muzima. Hapo wakubwa walisema kweli. Lakini deni lilihesabiwa na wataalamu, kwa kipimo cha feza iliyopatikana, si cha miaka ya jasho. Mufanyakazi aliitwa atie sahihi, basi.

Tena angalia: mwaka 2003 tani moja ya shaba iliuzwa karibu dola 1.800, mwaka 2006 ilipita 6.000. Umaskini ulikuwa wa majira, lakini deni lilifungwa kwa siku zote. Watu wa jembe wangesema: tungoje mavuno mengine.

Wengine wanajibu kwamba mavuno yale yaliangukia zaidi wageni waliopewa migodi, si Gécamines. Ndiyo, lakini shamba ni lile lile, na mashimo waliyakuta yamekwisha kuchimbwa. Wajane wa wachimbaji wale wangali wanachunga karatasi za hesabu ile ndani ya sanduku.