Likizo ya Mtoto

Kila zinapokaribia likizo za skuli, suala moja hurejea mabarazani mwetu: je, mtoto aachwe apumzike, au apelekwe tuisheni asije akasahau aliyosomeshwa? Jambo hili si dogo, kwani mtoto ni amana, na kila mzazi ataulizwa juu ya amana yake.

Tuanze kwa kuwapa haki yao wanaotaka mtoto asome. Hofu yao ina asili. Huko Marekani, Harris Cooper na wenzake walikusanya chunguzi nyingi na kuzitangaza mwaka 1996, wakaona kuwa likizo ndefu ya kiangazi humrudisha mtoto nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na khasa katika hesabu. Hata aliyehifadhi Kurani ajua kwamba kisichorejewa hupotea.

Lakini kurejea ni jambo moja, na kumfunga mtoto darasani mwaka mzima ni jambo jingine. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto akishatoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mwema, kwa sababu kumlemea kwa masomo daima hufisha moyo na kudumaza akili, hata akatafuta hila za kuikimbia elimu yenyewe. Naye Ghazali hakuna awezaye kumtuhumu kwamba aliidharau elimu.

Tena ndani ya jambo hili mna dhulma. Hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 37, imekataza tuisheni za likizo. Atakayezingatia ataiona hekima yake. Somo jipya likisomeshwa kwa malipo siku za likizo, skuli zikifunguliwa mtoto wa mchukuzi wa bandarini huwa amekwisha kuachwa nyuma. Kosa lake ni kuwa babake hakuwa na ada.

Watu husema: "Nikimwacha nyumbani atapotea mitaani." Ni kweli, na mihadarati imetuonyesha wapi mtaa unaweza kumfikisha kijana. Bali natujiulize kwa insafu: ni mara ngapi tumelipa ada hizo kwa kuwa tumeona uzito kuketi na wana wetu? Mwalimu wa kukodi aweza kumfunza mtoto kugawanya na kuzidisha. Hawezi kumfunza namna babake anavyosema na mteja mwenye hasira, wala namna mamake anavyomhudumia mgonjwa.

Basi rai yetu ni hii. Mtoto na arejee masomo yake kidogo kila siku asubuhi, nyumbani, bila ya kiboko. Baada ya hapo acheze. Apelekwe dukani akapime mchele na kuhesabu chenji. Akae kwa nyanya yake asikie khabari za ukoo wake. Amfuate babake msikitini na mazikoni. Na mzazi naye afunge duka lake mapema japo siku moja katika wiki.

Mtoto aliyesahau hesabu hufundishwa tena muhula ukianza. Aliyekua bila ya kuwajua wazazi wake, muhula gani utamrudishia?