Dalali na Dalili

Neno dalali, ambalo leo wengi hulitamka kwa kukunja uso, limetoka katika Kiarabu, katika asili ile ile iliyozaa neno dalili, nayo ina maana ya kuonyesha njia. Nimelifikiri sana neno hili katika safari zangu baina ya Iringa na Mbeya, kwa kuwa huko, kama kwingineko nchini, soko la magari limehamia simuni: kijana hupiga picha ya Noah iliyooshwa ikang'aa, huandika "namba D, injini haijafunguliwa, bei maelewano", na mkulima wa viazi kule Umalila huiona katika kundi la WhatsApp kabla hajateremka mjini. Dalili zimekuwa tele. Je, dalali amebakiwa na kazi gani?

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya soko la magari yaliyotumika, akaeleza kwamba muuzaji aijua aibu ya gari lake na mnunuzi haijui. Basi mnunuzi, kwa kuchelea hasara, hutoa bei ya wasiwasi kwa kila gari, na mwenye gari zima, akiona halithaminiwi, huliondoa sokoni, hata yakabaki mabovu. Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kuifunga njia hiyo zamani, walipofundisha kuwa muuzaji yampasa kuibainisha aibu ya bidhaa yake, na akiificha, mnunuzi ana hiari ya kuirudisha.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa bado imeganda viooni, nilimwona dalali mmoja mtu mzima pale Uyole, na mbele yake mkulima kama yule wa Umalila, ameshika simu yenye picha ya gari. Mzee hakuitazama picha. Aliweka kiganja juu ya boneti ya gari lenyewe, akakiacha hapo kitambo, kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha.

"Mwanangu," akasema, "gari hili limewashwa tangu alfajiri. Rudi kesho. Nitazuia lisiguswe, uliwashe wewe mwenyewe."

"Ahsante, mzee. Nitalala mjini."

Wajuao magari wajua kwamba injini iliyochoka hujifichua inapowashwa ikiwa baridi, kwa kugonga au kwa moshi wa buluu wa oili inayoungua. Ikishapata moto, aghalabu hutulia ikaonekana nzima. Picha ile haikusema uongo, lakini hapana picha ichukuayo joto la chuma, wala hapana tangazo liwezalo kuridhia kupoteza mauzo ya leo. Dhamana hutolewa na awezaye kupungukiwa: gari hilo likichemsha mlimani Kitonga, mkulima ajua atamkuta wapi aliyemwuzia, na Uyole nzima itasikia.

Sikanushi kwamba wako madalali wa hadaa, wala kwamba simu imemtoa mkulima katika giza la bei, nayo ni neema kubwa. Ila neema hiyo ni ya khabari, na khabari haina dhima.

Nawe msomaji, ukipendezwa na gari simuni usiku huu, usitume hata shilingi. Panda basi, ulale huko huko, uamke kabla ya jua ukaweke kiganja juu ya boneti. Na ukimkuta mtu amesimama kando yake, muulize jina lake na mahali anapokaa.