Mkono Usiosikia

Kijana wangu, weka bisibisi chini kwanza. Najua kodi ya kibanda hiki cha mtaa wa Umoja haingoji mtu, lakini keti.

Asubuhi umeingia na sweta ya nailoni, ukaburuta kiti cha plastiki, kisha ukachomoa RAM ya kompyuta ukiikamata pale penye rangi ya dhahabu kama mtu anayeshika muhogo wa kuchoma. Hukusikia kitu. Hapo ndipo unaponichosha. Mwili wa mtu hausikii cheche ya umeme tuli mpaka ifike volti 3,000 hivi, na zipo chipu zinazoumia kwa volti 100 tu, au hata chini ya hapo. Kwa hivyo kutosikia kwako hakunithibitishii chochote. Tena chipu iliyojeruhiwa si lazima ife papo hapo. Mashine itawaka, mteja atalipa na kukushukuru, halafu miezi miwili baadaye itaanza kujizimia yenyewe, nawe utasema ni stima.

Stima nayo ina makosa yake. Ikipotea Umoja au Kayole hurudi kwa kishindo, basi chomoa plagi mapema. Hilo unalijua.

Usilolijua ni la huu mfuko unaobebea bodi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya Agosti 2017, mmeishika hii mkidhani ni kitambaa. Ni plastiki vilevile, baba. Bodi ikisuguana nayo ndani ya matatu, umeme unajikusanya humo. Itie kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, ule unaoutupa kila siku nikiokota nyuma yako.

Januari na Februari hali huzidi, hewa ikikauka na vumbi la barabara ya Outering likitufuata mpaka kwenye chai. Vua sweta. Gusa chuma tupu cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote, na ukiinuka kwenda kupokea simu, ukirudi gusa tena. Ule ukanda wa kuvaa mkononi niliokununulia naona umefungia waya za redio, ufungue. Bodi ishike kandokando. Na ukipuliza vumbi kwa blowa, izuie feni kwa kidole, maana ikizungushwa na upepo huzalisha umeme na kuusukuma kwenye bodi.

Mteja akikuharakisha, mwambie arudi saa kumi. Akinuna, mlete kwangu. Mimi nimezoea kununiwa.