Hatia ya Jogoo

Likizo iliyopita, nyumbani Bwera, jogoo wetu alimrukia mdogo wangu wa kike alipokwenda kuokota mayai. Mtoto ana miaka sita. Kikwaru kilimchana shavuni, upana wa kidole kimoja tu chini ya jicho. Jirani aliyefika na kuona damu alisema, "Asante ya punda ni mateke." Wote tuliokuwa uani tulikubali, na mimi zaidi ya wote, kwa kuwa ndiye niliyemlea jogoo yule na nilihisi nimesalitiwa. Katika insha hii nauliza kama nilikuwa na haki ya kuhisi hivyo.

Nieleze kwanza malezi yenyewe. Mama yake alichukuliwa na mwewe, vifaranga wakiwa na siku chache tu, na wawili ndio waliopona. Mmoja alichukuliwa na shangazi yangu anayekaa Kasese mjini, akamweka chini ya tetea wake aliyekuwa na vifaranga. Wa pili nilimtia ndani ya katoni jikoni, karibu na mafiga. Alikula kumbikumbi mkononi mwangu na kulala mapajani nikisoma. Sisi Wakonzo hupewa majina kwa mfuatano wa kuzaliwa. Mimi, kwa mzaha, nikampa jina la mzaliwa wa kwanza wa kiume. Bibi hakuupenda mzaha huo hata kidogo.

Alipobalehe alianza kushusha ubawa mmoja hadi chini na kunizunguka kwa hatua za upande. Tulicheka, tukasema anacheza dansi. Kumbe ndivyo jogoo anavyomfanyia jogoo mwenzake anapompima. Baadaye akaanza kudonoa viatu vyangu, nami nikampiga teke. Akarudi kwa nguvu zaidi, maana kwa majogoo teke ni kuitikia pambano. Mdogo wangu yeye alikuwa akikimbia, na kukimbia ni kukiri kushindwa: aliyekimbia leo atafukuzwa na kesho.

Mtaalamu mmoja wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza karne moja iliyopita kwamba kuku wana ngazi yao ya kudonoana, kila mmoja akijua nani wa kumdonoa na nani wa kumpisha. Kifaranga aliyekua mikononi mwa watu, bila kuku wenzake, huweza kuwaingiza watu katika ngazi hiyo. Hapo ndipo neno "usaliti" linapoanza kulegea. Ili mtu akose shukrani, lazima kwanza ajue kwamba amefadhiliwa. Jogoo wangu hakuona fadhila wala mfadhili. Aliona jogoo mwenzake, mrefu kupita kiasi, aliyeshika chakula chote. Ndugu yake wa Kasese, wa damu ileile, husogea kando shangazi anapopita. (Wasemao kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini hawajamsikia huyu alfajiri.) Sidai kwamba malezi ni kila kitu, wapo majogoo waliolelewa na mama zao na bado wakawa wakali. Lakini bibi aliposema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," hakumtazama jogoo. Alinitazama mimi.

Mwanafalsafa P. F. Strawson, katika insha yake ya mwaka 1962 kuhusu uhuru na kinyongo, alionyesha kwamba kinyongo tunamwekea yule tunayemdai nia njema. Asiyeweza kudaiwa hivyo, tunamwangalia kwa jicho jingine: tunamzuia, tunamtunza, tunajihadhari naye. Mwaka 1474, mjini Basel, jogoo alihukumiwa na kuchomwa moto kwa kosa la kutaga yai. Darasani tulicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, nikikumbuka kwamba teke langu la pili, lile la baada ya mtoto kuumia, halikuwa la kujikinga. Lilikuwa hukumu.

Mwenzangu mmoja aliniuliza: kama hana hatia, mbona mlimwondoa? Swali zuri, ila linachanganya hatia na hatari. Kuku wa Krismasi hachinjwi kwa sababu amekosa. Jicho la mtoto halingojei tukamilishe hoja. Hata hivyo, kabla ya kumwondoa tulikuwa na wajibu wa kujaribu. Kwa wiki mbili niliacha mateke. Alipokuja nilisimama imara bila kurudi nyuma. Akizidi, nilimkamata na kumbeba kwapani hadi atulie. Chakula nilikimwaga chini, mbali na mikono. Mayai tuliokota yeye akiwa nje. Kwangu akatulia kabisa. Kwa mtoto hakubadilika, kwa sababu alichojifunza ni kwamba mimi ni mkubwa wake. Kuhusu watu wengine hakujifunza chochote.

Bibi akasema achinjwe. "Huyu ni wa hapa," alisema, "aishie hapa." Nilikataa, nikiona kwamba ninamtetea asiye na hatia. Mjomba akatoa njia ya tatu: apelekwe sokoni Mpondwe. Nikakubali haraka mno.

Pale sokoni alikuja mama mmoja kutoka ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, akiwa na mtoto aliyeshika kanga yake. Alimpapasa jogoo kifua, akamtazama upanga na miguu, kisha akauliza kwa Kiswahili kama ni mkali. Mjomba akajibu, "Mpole, mama. Amelelewa mkononi." Nusu ya jibu hilo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Yule mama akanitazama mimi niliyemshika, na jogoo alikuwa ametulia kwapani mwangu kama nilivyomfunza. Sikusema neno. Akalipa, akamfunga miguu, wakaelekea darajani, mtoto akinyoosha kidole kumgusa manyoya.

Sehemu ya pesa zile ilikuwa nauli yangu ya kutoka Bwera hadi Kasese, nikirudi chuoni.