Hati Iliyotundikwa Ukutani

Msomaji, nakuomba ufikiri nami juu ya karatasi moja. Ni hati ya shamba la ekari moja na nusu, iliyotundikwa ukutani nyumbani kwa Kiguunda, katika mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, waliucheza mwaka 1977. Serikali ikaupiga marufuku baada ya majuma machache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Mei 2022 ulirudi jukwaani Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza.

Watazamaji humlaani Kioi, tajiri mwenye hila. Wana haki, lakini laana hiyo ni rahisi mno. Hati ilishushwa ukutani na Kiguunda mwenyewe. Aliiweka rehani apate gharama ya arusi ya kanisani, yeye na mkewe Wangeci waliokwisha kuoana kimila na kuzaa, kwa tumaini kwamba mwana wa tajiri atamwoa binti yao. Deni likawashinda, shamba likaenda.

Je, lilikuwa lake kulipoteza? Kwa jina lililoandikwa, ndiyo. Lakini wewe ukaaye Ekalakala, ambako mvua haina ahadi, wajua kuwa babu aliyeng'oa visiki hakuling'olea tumbo lake peke yake. Simlaumu mzazi auzaye kipande cha shamba amlipie mwanawe ada ya shule. Huyo amehamisha mbegu. Kiguunda alinunua sifa ya siku moja.

Utasema mke angeulizwa. Leo Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla nyumba yao haijawekwa rehani. Ni sheria njema, ila Wangeci naye aliitamani arusi ile. Ridhaa iliyozaliwa na aibu, hakimu ataipimaje?

Mmarekani Lorraine Hansberry aliandika A Raisin in the Sun, mchezo ulioonyeshwa New York mwaka 1959, ukafufuliwa huko mwaka 2004 na tena 2014. Walter Lee, mtu mweusi wa Chicago, anatapeliwa dola 6,500 zilizotoka katika bima ya marehemu baba yake. Kisha anamwita mjumbe wa wazungu aliyekwisha kuahidi fedha, ili jamaa hiyo isihamie mtaani kwao. Walter yu tayari kuzipokea. Mama yake hamkatazi. Anaagiza tu kwamba Travis, mwana mdogo wa Walter, asiondoke chumbani, baba amweleze mtoto jambo analolifanya. Mbele ya macho yale Walter anazikataa.

Nyumbani kwa Kiguunda hakuna aliyeitwa kuketi hivyo siku hati iliposhushwa. Nyumbani kwenu hati inakaa wapi, na ni nani kati yenu amewahi kuiona?