Hofu si Shahidi

Natutafakari swali hili: je, ni haki kumhukumu kiumbe kwa sababu sura yake yatutisha?

Mwaka 1995 hofu kuu iliingia Pemba, ikavuka hata Unguja. Watu walinena habari za Popobawa, kitu cha usiku chenye kivuli cha bawa la popo. Wakaacha vitanda vyao, wakakesha nje kuzunguka moto, jamaa pamoja na majirani. Huko Unguja mtu mwenye ugonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, naye akapigwa na umati hata akafa.

Basi, tumtazame popo mwenyewe. Popo wanywao damu wako kweli, lakini makao yao ni Amerika tu, toka Mexico hata Argentina. Nao hawakosi wema: aliyeshiba humtapikia damu mwenziwe aliyekosa chakula, maana akikosa siku mbili tatu hufa. Popo mkubwa wa Pemba, asiyepatikana penginepo duniani, hanywi damu kamwe. Mabawa yake yakitandazwa hupata kama mita moja na nusu, lakini chakula chake ni maembe na matunda mengine, tena hutawanya mbegu zikaota msituni. Ni sisi tuliomwinda yeye, tukakata na misitu yake, hata karibu na mwaka 1990 walisalia wachache mno. Kisha wenyeji wa Kidike na vijiji vingine wakawalinda, na baadaye walipohesabiwa walipita 20,000.

Mtu atasema, “Hofu haina hatia, maana huja bila kubisha hodi.” Ni kweli. Lakini mtu asemapo, “Mkosaji ni huyu,” hiyo si hofu tena, ni hukumu. Na hukumu yataka ushahidi. Woga si shahidi, wala giza si ushuhuda. Wengi walisikia, na kila aliyesikia alidhani mwenziwe ameona.

Kwa hiyo, ninyi mnaofundisha mitaani, uvumi ukifika, ulizeni kwanza: ni nani aliyeona kwa macho yake? Tena msimameni karibu na yule asiyeweza kujitetea, kabla umati haujakusanyika. Popo wa Pemba tuliwadhulumu, nao walipolindwa waliongezeka tena. Yule mgonjwa hakurudi.